Mume analala masaa manne, alfajiri anashika Fuso. Nifanyeje?

MamaViazi (Uyole): Wakuu, ugonile. Mume wangu anabeba viazi kwa Fuso, Uyole hadi Tunduma. Akiwa kwenye usukani hanywi, hilo nampa haki yake. Siku ya malipo anakaa Mwanjelwa kuanzia saa moja jioni mpaka saa sita usiku, bia chupa sita za nusu lita. Gari analiacha yadi, anarudi na bajaji. Shida ni saa kumi alfajiri: anaoga maji ya baridi (baridi ya Mbeya mnaijua), anapiga kahawa, anasema pombe imekata, huyo kaondoka. Juzi mteremko wa Mbalizi alisinzia, tandiboi (msaidizi wake garini) ndiye aliyedaka usukani. Yeye hajanieleza, nimeambiwa na tandiboi. Nikiongea ananiambia naleta uchuro. Nimwambie tajiri, mwenye gari? Akifukuzwa tutakula nini?

Kipimo_Cha_Babu: Dada, kaa naye na kalamu. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Ini linaondoa kama gramu 8 kwa saa, wengine pungufu. Chupa moja ni saa mbili na nusu. Sita ni kumi na tano. Kaanza saa moja jioni, atakuwa safi saa nne asubuhi! Kahawa inamwamsha mlevi, haimtoi ulevi. Sheria ina kikomo chake cha kilevi kwenye damu, lakini kusinzia hakusubiri ukifikie.

Mnyalu_Asilia: Kamwene. Ashukuru ni bia, inahesabika. Huku Iringa ulanzi (pombe ya mianzi) wa asubuhi ni mtogwa, mtamu tu, jioni ushakuwa mkangafu, mkali, utahesabu nini?

Mzee wa Sekenke: Tajiri muache kwanza. Mimi nimekaa kwenye malori miaka mingi. Siku ya malipo isikutane na siku ya safari, basi. Ikishindikana, atafute deiwaka (dereva wa kibarua) wa kumpa trip hiyo moja. Atapoteza hela kidogo, lakini gari na mzigo vitafika. Na makubaliano yafanyike mchana, kabla ya chupa ya kwanza. Usiku utakuwa unabishana na bia.

Shemeji_Bubu: Mficheni funguo 😂

MamaViazi: Shemeji, funguo ziko kwa mlinzi wa yadi.

Mzee wa Sekenke: Umejijibu mwenyewe. Mlinzi asimpe kabla ya saa nne. Aombe mumeo mwenyewe, siyo wewe, asione aibu.

MamaViazi: Nimempa hesabu ya Kipimo. Kaiangalia kimya, kisha akauliza, "Tandiboi kakwambia nini?" Nikamwambia yote. Leo asubuhi kampigia mzee mmoja wa Iwambi, anaulizia deiwaka anachukua shilingi ngapi mpaka Tunduma.