Kushuka Mtae masika: Jimny, Prado au Land Cruiser, ipi inashika ardhi na kuzuiwa na gia?

Binti_Mtae:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa walioendesha wenyewe, si waliosimuliwa. Naishi Mtae, Usambara Magharibi. Kila wiki nashuka Lushoto na magunia matano au sita ya viazi, na mara nyingine namchukua mama yangu, magoti yake hayawezi tena kupanda basi.

Gari yangu ni Honda CR-V ya 1998, otomatiki, haina ABS (ile inayozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki). Kupanda inapanda. Shida ni kushuka. Masika iliyopita, kwenye kona moja kati ya Sunga na Lukozi, udongo mwekundu umelowa kama sabuni, niligusa breki kidogo tu, tairi zikafunga. Usukani nimekata kushoto, gari inaenda mbele moja kwa moja. Ilisimama kwenye tuta upande wa mlima. Upande wa pili ni bonde, na mama alikuwa kiti cha mbele.

Nimeona gari tatu zinauzwa, zote zimetumika: Suzuki Jimny 1.3 ya manyuali, Prado 120 ya otomatiki, na Land Cruiser hardtop yenye injini ya dizeli ya 1HZ, manyuali. Habari za hadhi tuziache. Nataka ile ambayo gia itaizuia bila mimi kutegemea breki.

Dereva_Kreta:
Pole sana dada, na mshukuru Mungu kwa lile tuta. Nimeshusha wageni Ngorongoro miaka kumi na moja. Ukuta wa kreta una kimo cha takriban mita 600, na foo wili peke yake ndiyo inaruhusiwa kuingia. Nimeendesha hardtop na Land Rover Defender. Kwa kazi yako, chukua hardtop. Unasimama juu, unaingiza 4L (foo wili ya gia nzito, ya mwendo wa taratibu), gia namba moja au mbili, unatoa miguu kwenye pedali zote. Gari inatembea mwendo wa mtu, imetulia. Klachi usiiguse hadi chini. Ukiikanyaga umeikata injini na tairi, na hapo huna gia yoyote inayokuzuia.

Mpwa_wa_Tanga:
Naunga mkono hardtop, dizeli ina kompresheni kubwa, ndiyo maana inazuia vizuri kuliko petroli.

Fundi_Difu:
Mpwa, hapo naomba nikurekebishe, maana jambo hili limezoeleka vibaya hata gereji. Injini ya petroli ukiachia mafuta, throto, yaani mlango wa hewa, inajifunga na pistoni zinahangaika kuvuta hewa isiyopatikana. Ndiko kuzuia kwake. Dizeli ya aina ya 1HZ hewa inaingia bila kubanwa, na ile inayoshindiliwa inarudisha sehemu kubwa ya nguvu pistoni inaposhuka, kama springi. Ndiyo maana malori yanayoshuka Kitonga hufungwa breki ya ekzosi. Kinachoizuia hardtop ni msuguano wa injini kubwa ya lita 4.2 pamoja na uwiano wa gia. 4L yake inazidisha takriban mara 2.5.

Sasa kwa dada. Kilichokupata si uzembe. Foo wili ya hiyo CR-V inajiita yenyewe: tairi za nyuma zinapata nguvu pale tu za mbele zinapozunguka bure. Kwenye mteremko umeachia mafuta, za mbele hazizunguki bure, basi za nyuma hazishikwi na injini hata kidogo. Za mbele zinazuia gari nzima, na hizohizo ndizo unazotegemea kukata kona. Ukiongeza breki juu yake, zinafunga, usukani unakufa mkononi.

Kwenye Jimny na hardtop, ukiingiza 4L shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, na mzigo wa kuzuia unagawanywa kwa tairi nne. Hiyo ndiyo tofauti ya kutazama kabla ya jina la gari. Prado 120 ni foo wili muda wote, ila kwenye tope bonyeza na loki ya difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Mghosi_wa_Sunga:
Mimi ni jirani yako kabisa, na nina Jimny. Kwa kushika ardhi sina lalamiko, nyepesi, haizami. Mambo mawili lakini. Njia yetu imechimbwa mifereji na Fuso, na Jimny ni nyembamba: tairi za upande mmoja zikiwa ndani ya mfereji, za pili ziko juu ya kigongo, unashuka umelala ubavu. La pili ni mzigo. Yenyewe ina takriban kilo 1,000. Magunia sita ya kilo mia mia ni zaidi ya nusu ya gari. Hapo injini ya 1.3 haitakuzuia. Kwa kumpeleka mama peke yake ningekuambia nunua leo.

Baba_Neema:
Nina Prado hiyohiyo. Kwa mama ni raha kuliko zote. Lakini otomatiki haizuii kama manyuali, hata ukiweka 4L na gia kwenye L, maana kati ya injini na giaboksi kuna mafuta, si sahani za klachi. Utagusagusa breki. Na zile zenye kitufe cha kushukia mlima, kitufe kinatumia breki, siyo injini. Ukiwa na mzigo mteremko mrefu, nusa kama breki zinaungua. Na ubadilishe mafuta ya breki, yananyonya unyevu: DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, ikishalowa kiwango kinashuka hadi 140.

Binti_Mtae:
Asanteni sana. Fundi, mwaka mzima nimejilaumu kwa ile kona, nikidhani sijui kuendesha. Kwenye hardtop kuna jambo gani la kuniponza?

Dereva_Kreta:
Habu za mbele, dada, zile za katikati ya magurudumu zinazoyaunganisha na ekseli. Hardtop nyingi za zamani unashuka na kuzifunga kwa mkono. Mwaka wangu wa pili kazini niliingiza 4L, taa ikawaka kwenye dashibodi, nikaanza kushuka. Nusu ya mteremko mkia ukaanza kunipita kushoto. Nikaongeza mafuta kidogo, ukarudi kwenye mstari. Chini nikatazama: habu ya kulia imeandikwa LOCK, ya kushoto bado FREE. Upande mmoja ukiwa wazi, difu inazungusha huko bure, mbele nzima haizuii chochote. Tairi za nyuma peke yake zilibeba kazi yote. Tangu siku hiyo nashika habu zote mbili kwa vidole kabla sijapanda, hata kama nilizifunga mwenyewe jana.

Fundi_Difu:
Na tairi. Kipara hakiokolewi na 4L. Kabla hujatoa pesa, ipeleke kwenye mteremko mkavu, 4L, gia moja, toa miguu yote. Ikiruka gia au ukisikia mlio wa kugonga kwenye tranfa (boksi la gia za foo wili), achana nayo.

Binti_Mtae:
Jumamosi naenda Lushoto kuiona hardtop. Mghosi, kama utakuwa unashuka siku hiyo, naomba tuongozane, nishikie ile habu ya upande wa pili.