Wabash na DePauw Jumamosi hii: vyuo vidogo bado vina haja ya futiboli?

Mwana_Indiana: Wadau habari za muda huu. Jumamosi ndo ile mechi ya futiboli ya Kimarekani, Wabash na DePauw, na kwa sisi tunaoishi Indiana wiki hii hakuna kingine kinachozungumzwa. Kwa msiowajua, ni vyuo viwili vidogo, kimoja Crawfordsville kingine Greencastle, hata maili 30 hazifiki kati yao, na wanagombea kengele ya treni ya reli ya zamani ya Monon, ratili 300 yaani kama kilo 136. Wanaigombea tangu 1932 ila mechi zenyewe zilianza 1890, wameshakutana zaidi ya mara 125 na Wabash anaongoza kwa mechi chache tu, kwahiyo mtu asije hapa kusema nani mnyonge wa nani.

Utabiri wangu: Novemba hapa ni baridi na upepo, anayetegemea pasi ndefu atapata tabu sana, timu itakayokimbia na mpira na kula muda ndo itakaa vizuri. Na mpiga teke msimdharau, 2007 DePauw walishinda 24-21 kwa teke la yadi 47 zikiwa zimebaki sekunde kama mbili. 2001 ilikuwa zamu ya Wabash, 27-21, pasi ya kutupa tu mbele sekunde ya mwisho kabisa, mmoja kaugusa mwingine kaudaka. Mechi hii haiishi mpaka iishe.

Sasa swali langu. Kuna watu wanasema vyuo vidogo kama hivi viache futiboli, hakuna skolashipu ya michezo, pesa zinateketea na vijana wanaumia vichwa. Mpwa wangu kaitwa na kocha wa chuo cha aina hii hii kule Ohio na dada yangu ananiuliza mimi. Mimi nasema ibaki, huu ni mchezo wa wanaume kweli kweli, sio raga ya kukumbatiana. Mnasemaje?

RagaDamu254: Ulikuwa unaenda vizuri mpaka hapo kwa kukumbatiana. Mtu amevaa helmeti, amevaa mabega ya plastiki, anacheza sekunde sita halafu anapumzika dakika nzima kocha akimchorea, na huyo ndiye mwanaume? Raga ni dakika 80, kaptura na kinga ya meno basi. Kama ni kukumbatiana si uende uwaulize Fiji vile walikumbatiwa Singapore 2016, raga ya wachezaji saba, 30-7, fainali, Kenya ikabeba kombe. Umeweka uzi wa kengele ukaingiza raga, sasa kaa na sisi.

Mwana_Indiana: Mkuu sijatukana raga, nimelinganisha. Jibu swali.

RagaDamu254: Umelinganisha kwa kutukana. Na hapo hapo Indiana yenu 2013 Colts, timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa ya futiboli, walimchukua nani? Daniel Adongo, mtoi wa raga kutoka Kenya, hajawahi kucheza futiboli hata siku moja maishani, na Desemba hiyo hiyo akaingia uwanjani NFL. Kukumbatiana kungemfikisha hapo?

Kijana_wa_Tabora: Aisee hiyo ya Adongo nilikuwa nimesahau kabisa. Ila RagaDamu kuwa mkweli, alikuwa ni mtu wa timu maalum zile za kukimbilia mpira wa teke, hakuwa nyota. Mchezo ule una vitabu vya kukariri, wachezaji 11 kila mmoja ana kazi yake kila mchezo, ukikosea hatua moja kwotabeki, yule anayetupa pasi, kalazwa. Nguvu peke yake haitoshi.

RagaDamu254: Sasa na raga haina akili? Ongea polepole.

MamaWaWatatu: Jamani samahani nawakatiza. Huyu kaka kauliza juu ya mtoto wa dada yake na nyinyi mko Singapore. Mimi ni mzazi niko Columbus na wa kwangu wa kiume anacheza haiskuli, msimu uliopita alipata mtikisiko wa ubongo, wiki mbili hawezi kukaa kwenye mwanga, anasahau kitu nilichomwambia asubuhi. Huo ndo uanaume mnaousema? Nilisoma kuna utafiti asilimia 99 ya wachezaji wana ule ugonjwa wa ubongo wa kugongwa kichwa mara kwa mara, kama ni hivyo hata kengele iwe ya dhahabu mimi simpeleki mtu.

Fundi_Hesabu: Pole sana dada, mtoto apone kabisa. Hiyo asilimia 99 naijua inatoka wapi na inabidi iwekwe vizuri maana inazunguka vibaya. Ni utafiti wa Boston wa 2017, walichunguza bongo za marehemu waliocheza futiboli, wa NFL walikuwa 111 na 110 walikutwa nao. Waliocheza mpaka chuo 53, kati yao 48. Walioishia haiskuli 14, kati yao 3. Lakini hizo bongo zilitolewa na familia, na nyingi ni za familia ambazo zilishaona mtu wao amebadilika, kwahiyo huwezi kusema asilimia 91 ya wanaocheza chuo wataugua. Ila huwezi pia kusema hakuna kitu. Kinachoonekana ni kwamba miaka mingi ya kugongwa ndo inaumiza, hata kugongwa kudogo kudogo ambako hakumwangushi mtu.

MamaWaWatatu: Asante kwa kunifafanulia lakini 48 kwa 53 haijanituliza hata kidogo, hata ukiielezea namna gani.

Babu_Kandanda: Na aliyeugundua ugonjwa huo kwa wachezaji wa futiboli ni Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu, Mnaigeria, alikuwa anapasua maiti Pittsburgh, akakutana na mwili wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa Steelers, timu ya NFL ya hapo hapo, 2002. Miaka mitatu baadaye akaandika na wakubwa wa NFL wakataka makala yake ifutwe. Ndo maana nasema mpira ni ule wa mguu tu. Huu wa kubeba mkononi wanauitaje futiboli?

Kijana_wa_Tabora: Babu tafadhali usitufungulie hiyo tena, tutalala hapa.

RagaDamu254: Mama ameongea ukweli na ndio maana raga ni bora. Hatuna helmeti kwa hivyo hatutumii kichwa kama rungu. Unashika kiuno na miguu, kichwa chako unakiweka kando, ukigonga mtu kichwani unaweza kula kadi nyekundu.

Fundi_Hesabu: Hapo ndugu yangu ninakukatalia. Helmeti inazuia fuvu kupasuka, haizuii ubongo kutikisika ndani, hilo ni kweli. Lakini usiseme raga imepona. Steve Thompson alikuwa kwenye kikosi cha Uingereza kilichochukua kombe la dunia 2003, na 2020 alijitokeza kusema ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, umri wake 42, na fainali yenyewe aliyoicheza haikumbuki. Wapo wengine wengi wameshtaki pamoja naye. Kadi nyekundu mnazojivunia zimekazwa baada ya watu kuumia.

RagaDamu254: Sijasema imepona, nimesema ni bora. Soma vizuri.

Dada_Kigamboni: Mimi kilichonishangaza hakuna aliyegusa, hiki chuo cha Wabash si ndo kile cha wanaume watupu? Mpaka leo? Mnabishana mchezo wa wanaume wakati chuo chenyewe mwanamke haruhusiwi kusoma digrii. DePauw waliingiza wanawake 1867, miaka mia na nusu iliyopita! Mimi Jumamosi niko na DePauw na sababu yangu ni hiyo moja.

Mgiant_Mdogo: Dada naheshimu maoni yako lakini mimi nimesoma Wabash na nitajibu kwa sababu hili linaniuma. Kwenu nyumbani mbona hamlalamikii Ilboru na Tabora Boys? Wabash ilikuwa ni mahali ambapo hatukuwa na kitabu cha masheria, sheria ni moja tu, mwanafunzi awe muungwana na raia anayewajibika, ndani na nje ya chuo. Mimi nilitoka Dar sijui mtu, wiki ya kwanza profesa ananijua kwa jina. Wanafunzi hatufiki 1,000 na timu ya futiboli peke yake ni karibu watu 100. Ukiifuta timu hujafuta mchezo, umefuta sehemu kubwa ya chuo. Hicho ndo watu wa hesabu hawakielewi.

Dada_Kigamboni: Ilboru ni sekondari kaka. Mtoto wa miaka 15 na mtu mzima wa 21 hawafanani. Na hujanijibu, umenipa hadithi nzuri ya profesa.

Mgiant_Mdogo: Nimekujibu, hujapenda jibu. Vyuo vya wanaume vilivyobaki ni vichache mno, sisi, Hampden-Sydney na Morehouse, vya wanawake vipo vingi zaidi na hakuna anayevipigia kelele. Mtu anachagua. Wewe usingechagua, sawa.

Kijana_wa_Tabora: Tabora Boys imetajwa kwahiyo nina haki ya kuongea 😂 Sisi tulitoka salama. Ila Dada ana hoja kwenye umri.

Babu_Kandanda: Mgiant, ile kengele mliiba nyinyi 1965 au hadithi tu?

Mgiant_Mdogo: Tuliichukua babu. Mwanafunzi wetu mmoja alienda DePauw akajifanya mwakilishi kutoka Mexico, kwamba wanataka kupiga picha vitu vya fahari vya chuo, wenyeji wakamwonyesha walipoificha. Usiku wenzake wakaja. Ndo ujue watu wanavyoipenda hii mechi, chuo kikubwa hakuna mapenzi ya namna hii, huko siku hizi ni biashara. Tangu Julai 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 kwa chuo. Sisi kijana anajilipia ada na bado anaamka saa kumi na moja kwenda kunyanyua vyuma.

MamaWaWatatu: Kumbe hapo ndo penyewe. ANAJILIPIA. Ada ya hivi vyuo na malazi ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, halafu mtoto anagongwa kichwa bila hata senti ya skolashipu. Huko kwingine akigongwa walau analipwa. Nyinyi mnaita mapenzi, mimi naita kunyonywa.

Mgiant_Mdogo: Kunyonywa ni neno kubwa mama. Mimi sikulipa hata nusu ya hiyo.

Fundi_Hesabu: Wote wawili mna haki nusu na hapa ndo kaka Mwana_Indiana anatakiwa asikilize kuliko habari za upepo. Bei iliyoandikwa karibu hakuna anayeilipa yote, vyuo vya binafsi vinatoa msaada kwa alama za darasani na kwa kipato cha wazazi. Divisheni ya tatu ya michezo ya vyuo, ambamo hivi vidogo vinacheza na ambayo ina vyuo zaidi ya 400, sheria inakataza kutoa pesa kwa sababu ya michezo. Watu wanaliona hilo kama ubaya. Mimi naona ndo uzuri wake, maana msaada aliopewa kijana haujafungwa kwenye timu. Akiumia Septemba, au akichoka, au mama akisema basi, anaweka helmeti chini na pesa inabaki pale pale ilimradi alama zipo. Divisheni ya kwanza kijana wa skolashipu anafikiria mara mbili kusema kichwa kinaniuma. Huyu hana sababu ya kuficha.

MamaWaWatatu: Una uhakika na hilo? Maana kocha aliyempigia simu wa kwangu alikuwa anaongea kama vile nafasi ya chuo na pesa yeye ndo anazigawa. Mara akaniletea na karatasi ya kusaini, na picha zipigwe.

Fundi_Hesabu: Kocha anaweza kumsemea kwa watu wa udahili, hilo lipo, na vyuo vidogo vinahitaji wavulana kwahiyo anasikilizwa. Ndo sababu mojawapo vyuo vingine vinaanzisha timu badala ya kufuta, wanafunzi 100 wanaolipa hata nusu ya ada ni pesa nyingi kuliko gharama ya mipira na mabasi. Lakini hiyo karatasi ya Divisheni ya tatu ni ya sherehe tu, haimfungi mtu. Barua yenye uzito ni ile ya ofisi ya msaada wa fedha.

Mwana_Indiana: Hii ndo nilikuwa naitafuta. Dada yangu alidhani akikataa kucheza wanamfukuza. Mpwa mwenyewe ni lainibeki, yaani ndo wale wa kugonga kila mchezo, na amecheza tangu ana miaka tisa. Nikipiga hiyo hesabu ya miaka mingi ya kugongwa, tayari ni miaka tisa. Bado nataka acheze, nasema ukweli, nikimwona uwanjani nafurahi. Ila sitamwambia dada kwamba hakuna kitu.

Dada_Kigamboni: Umri wa miaka tisa! Hapo hata wanaoupenda mchezo wakubali, watoto wacheze ule wa kuvuta bendera kiunoni mpaka haiskuli.

Mgiant_Mdogo: Hilo nakubaliana nawe asilimia mia, na ndo kitu pekee leo. Jumamosi tutawafunga lakini.

Dada_Kigamboni: Mtalia.

MamaWaWatatu: Basi mimi hiyo barua ya ofisi ya fedha nitaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla kocha hajapigiwa simu yoyote. Ikiwa hakuna neno la kucheza ndani yake, ataenda kusoma na mambo ya timu ataamua daktari, sio kocha na sio wajomba wa humu. Kaka mwambie dada yako afanye hivyo hivyo, na amuulize kocha timu ina daktari wake siku ya mechi au inategemea ambulensi ya mji.

RagaDamu254: Aulize pia kama wana klabu ya raga. Vyuo vingi hapo viko nayo.