Mfupa wa Ishango, aiskrimu ya Erasto Mpemba: tusambaze tu, au tuchuje kwanza?

Mwalimu wa Hesabu, Umoja
Kila Jumatatu wanafunzi wangu huja na jambo walilosoma wikendi kwenye simu za wazazi. Safari hii ni mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward, Kongo, na sasa uko Brussels. Una chale zilizopangwa safu safu, na umri wake ni yapata miaka 20,000. Makala waliyosoma inadai babu zetu walijua nambari tasa (zinazogawika kwa 1 na zenyewe tu), kwa kuwa safu moja ina chale 11, 13, 17 na 19. Safu nyingine imerukwa: 11, 21, 19, 9. Tangu lini 21 na 9 zikawa tasa? Jumla ya kila safu kati ya hizo mbili ni 60, na kwangu hilo ndilo tamu zaidi, ila halivumi. Nauliza: makala za kututukuza tuzisambaze zikiwa nusu, ati zinawatia watoto moyo?

Mama wa Wawili, Kawangware
Mwalimu, mtoto hajaonja na wewe umeshaleta chujio. Wangu alikuwa hataki kusikia neno hesabu. Sasa anachora chale ukutani (rangi atanunua babake). Kuna hasara gani hapo?

Mkutubi Mstaafu, South B
Tena tuangalie nani ameshika chujio. Mwaka 1848 Rebmann, mmishonari Mjerumani, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita ule weupe "baridi", basi. Kule London, Desborough Cooley, mjuzi wa kuchora Afrika akiwa mezani kwake, akakataa katakata kwamba huku kuna theluji.

Mwalimu wa Hesabu, Umoja
Mzee wangu, Cooley aliufungia mlango ushahidi. Mimi naomba uongezwe: safu ya pili isomwe.

Fundi wa Simu, Luthuli
Mbona hamumtaji Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Tanganyika, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa, darasa likamcheka. Mwaka 1969 yeye na Osborne, profesa wa fizikia, wakachapisha utafiti wao. Lakini makala hizi huishia hapo kwenye ushindi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio wasilione jambo hilo, na ubishi bado upo. Mimi ubishi ndio ulionivuta. Jana nimeweka vikombe viwili kwenye friza ya jirani muuza aiskrimu. Mara ya kwanza kikatangulia cha maji baridi. Mara ya pili, cha moto.

Mama wa Wawili, Kawangware
Na ya tatu, kaka?

Fundi wa Simu, Luthuli
Stima ikapotea.