Nina milioni 6 na mwaka ni mkavu: kamera ya pili, droni au vifaa vya kurusha laivu?

MwanaSakina
Habari za jioni wadau. Nina ofisi ndogo ya video hapa Arusha, tupo watatu. Mwaka huu kazi zimekata kabisa. Kampuni za utalii zilizokuwa zinachukua video za kuposti kila mwezi zinaniambia "tuonane msimu ukichanganya", na harusi ni za kuokoteza. Nimebakiwa na milioni 6, sitaki ziishie kwenye chakula. Nipo njia panda: Sony A7 III iliyotumika (mtu anataka 2.6, bila lenzi), droni ndogo na betri zake tatu, au vifaa vya kurusha harusi laivu. Mngekuwa nyie mngeanza na kipi?

PilipiliMbuyuni
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kiti.

FundiLenzi
Mkuu, swali lako halina miguu. Sasa hivi unashuti na nini? Lenzi za aina gani? Ofisi ni ya kupanga? Na hizo 6 ni akiba au mkopo? Kama ni za kausha damu, rudisha kesho asubuhi halafu uje tuongee.

MwanaSakina
Si mkopo. Nina kamera moja ya GH5 na lenzi zake mbili. Kamera ya pili huwa nakodi kazi ikitokea.

DadaMhariri
Unakodi kwa bei gani? Na la ofisi umelikwepa.

MwanaSakina
Elfu 60 kwa siku pamoja na lenzi. Ofisi ni laki 3 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Inaisha mwezi ujao.

DadaMhariri
Haya ndiyo ulitakiwa uanze nayo kaka yangu! Kodi peke yake ni 1.8, kwa hiyo una 4.2, huna 6. Halafu lenzi zako za GH5 hazikufai kwenye hiyo Sony, ni mfumo mwingine. Bodi (kamera tupu) 2.6, weka na lenzi moja ya maana, tayari hela imeisha. Kwa elfu 60, hiyo 2.6 inakukodishia kamera siku 43 na zaidi, yenye lenzi juu yake. Mwaka huu umepata kazi ngapi za kamera mbili? Jibu hilo kwanza.

FundiLenzi
Dada, hesabu zako sizipingi, ila hujasimama na GH5 ukumbini usiku. Bibi harusi anaingia, taa za DJ zinabadilika rangi, kamera inaanza kutafuta fokasi mbele nyuma mpaka keshafika jukwaani. A7 III kwenye giza inamshika usoni na haimwachii. Mteja hajui jina la kamera yako, anachojua ni kwamba uso wa binti yake una ukungu.

MangiWaRau
Na mahubiri je? A7 III inaacha kurekodi yenyewe ikikaribia nusu saa. Ibada zetu za Kilutheri huku Moshi, mchungaji akikolea, nusu saa bado hajafika Wagalatia. GH5 inaendelea tu hadi kadi ijae.

Mimi nasema laivu. Desemba Wachaga wanapanda nyumbani, lakini si wote. Mjomba aliyeko Marekani ndiye aliyechangia fungu kubwa kuliko wote, na hatakuja. Huyo mpe linki. Kamati zenyewe ndizo zinazoniuliza siku hizi.

DadaMhariri
Mangi, mweleze na gharama. Kurusha kwa megabiti 5 kwa sekunde ni kama GB 2.25 za bando kwa saa, sherehe ya muda wa saa nne inakula GB 9. Weka laini za mitandao miwili, maana ukipanda Kibosho mmoja utakuacha. Chaneli mpya ya YouTube inaweza kuchukua mpaka saa 24 kufunguliwa laivu, usiifungue asubuhi ya harusi. Na DJ akipiga nyimbo zenye hakimiliki za watu, laivu yako inaweza kukatwa katikati ya keki.

Laibon
Wote mmeiruka droni, ngoja niwape yangu.

Mwaka juzi kampuni moja ya utalii hapa mjini, jina nahifadhi, ilinipa kazi ya loji na kambi upande wa Karatu na Manyara. Robo mkononi, iliyobaki siku ya kukabidhi. Wakasisitiza picha za juu, na kibali wakasema watashughulikia wao. Nikakodi droni. Getini askari anauliza kibali. Dereva ananitazama mimi, mimi namtazama dereva, simu ya ofisini inaita tu. Droni ikabaki getini, nikapewa kikaratasi. Nikashuti kwa chini tu.

Nikahariri, nikawatumia nakala yenye jina langu kubwa katikati ili waidhinishe. Kimya. Bosi kila siku yupo Dar. Baadaye rafiki ananitumia tangazo lao: ni video yangu ile ile, na palipokuwa na jina langu wamebandika nembo yao! Nikawafuata. Wananiambia kazi haijakamilika kwa sababu picha za juu hazipo. Kibali kilichokuwa chao! Mwisho wakaniambia hela hakuna, nichukue safari ya siku mbili na familia. Sasa mwenye droni ningemlipa twiga?

Kwa hiyo mkuu, kama droni ni kwa ajili ya utalii, mkataba useme kibali ni jukumu la nani na lini.

PilipiliMbuyuni
Hizi ndogo za gramu 249 si hazihitaji kibali?

Laibon
Hiyo gramu 250 inakusaidia huko Marekani, tena ukirusha kwa kujifurahisha tu. Huku ni TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na Wizara ya Ulinzi, na askari wa getini habebi mizani. Jaribu kuirusha Monduli karibu na chuo cha jeshi, halafu utupe mrejesho.

FundiLenzi
Na hifadhini uandike barua TANAPA, wale wa hifadhi za taifa.

Laibon
Manyara ndiyo, TANAPA. Ngorongoro ni NCAA, mamlaka nyingine na barua nyingine.

MzeeWaKaseti
Vijana, nimeanza na VHS pale Kaloleni, nimeona ukame wa kila aina. 2020 watalii wa kigeni walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi kama laki 6 na ishirini elfu. Waliokuwa wanakula kwa utalii tu waliuza mpaka stendi za kamera. Waliobaki walishuti kipaimara, mahafali ya kidato cha nne Septemba na Oktoba, na misiba. Msiba hauna msimu.

MwanaSakina, ofisi ya nini? Wateja wako wanakupata kwa simu. Hariri nyumbani, hiyo 1.8 ni mshahara wa vijana wako wawili.

MwanaSakina
Shikamoo mzee. Tatizo kamati za harusi zikisikia huna ofisi zinakushusha bei palepale.

MzeeWaKaseti
Marahaba. Hata ukiwa nayo zinakushusha.

MangiWaRau
Hapo mzee kasema. Kamati inapanga ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC, halafu mwisho kabisa "video tutaangalia kitakachobaki". MC anaongea saa tano anaondoka na pesa yake usiku huo huo. Wewe unabaki na kuhariri wiki mbili na deni.

PilipiliMbuyuni
Na siku hizi kuna vijana wa simu. Sherehe haijaisha, klipu ishafika Instagram.

FundiLenzi
Za simu ukizitazama kwenye TV ya nchi 55 utalia.

PilipiliMbuyuni
Nani anatazama harusi kwenye TV?

DadaMhariri
Mama mzazi wa bibi harusi. Na ndiye anayelipa.

MwanaSakina, bado hujajibu ni kazi ngapi za kamera mbili.

MwanaSakina
Nipo kwenye daladala, nikifika nahesabu kwenye daftari. Ila yule wa A7 III kashuka hadi 2.4.

Laibon
Mwambie akutumie picha ya sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) na ya kioo cha nyuma cha kamera kabla hujaenda.

MangiWaRau
Nje ya mada kidogo: nina ubarikio Rombo wiki ijayo na umeme wa kule siuamini. Nani anakodisha jenereta isiyopiga kelele, hapa Moshi au hata Himo?