Ihefu imo ndani ya hifadhi tangu 2008: mbona Ruaha Mkuu bado unakauka?

Msomaji wa Iringa

Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, bonde la juu la mto huo, na mwaka 2008 ardhioevu ya Ihefu iliyomo bondeni humo, ambayo mto huo hupitia, ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ikiwa mifugo ilihamishwa na eneo linalindwa kisheria, ni nini kinachoendelea kuunyima mto maji?

Mhandisi wa umwagiliaji

Ndugu msomaji, maji ya Ihefu hutoka nje ya hifadhi. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, pamoja na Ruaha yenyewe, hushuka kutoka milimani na kukutana kwanza na mabanio, yaani vizuizi vinavyochepusha maji ya mto kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Kinachosalia ndicho kinachofika kwenye kinamasi, na kinamasi chenyewe hutolea maji mahali pamoja tu, Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto hukatika hata kama ndani ya Ihefu bado yamo mengi, na viboko hubaki wakisongamana katika vidimbwi huko hifadhini.

Kwa hiyo maji machache yanayochepushwa kati ya Agosti na Novemba, wakati jua linakausha kinamasi kila siku, yana madhara makubwa kuliko maji mengi yanayochukuliwa wakati wa mvua. Mabanio ya zamani ya miti na mawe yalivujisha maji yakaendelea na safari yake. Ya zege, ambayo sisi wataalamu tuliyasifu kuwa maboresho, yanaweza kuuchepusha karibu mto wote wakati wa kiangazi.

Mkulima wa Mbarali

Nakubaliana na mhandisi, lakini naomba ieleweke kwamba mifereji haiachwi wazi baada ya mavuno kwa ukaidi. Vijiji vingi huchota humo maji ya kunywa, ya kufulia na ya mifugo. Banio likifungwa Agosti, mama anayeishi mwisho wa mfereji atachota wapi? Vichimbwe visima kwanza. Wapo pia wenzetu wanaofuata kilimo shadidi, yaani kupandikiza miche michanga kwa nafasi na kuacha majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga, yakauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na maji wanayotumia ni machache.

Mhandisi wa umwagiliaji

Ndugu mkulima, hoja ya visima ni ya haki kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo kilimo na shughuli nyingine. Kuhusu kilimo shadidi nina tahadhari moja: maji yanayookolewa katika jaruba lako, kama banio halikupunguzwa, yatafungua jaruba jipya kwa jirani, na Ihefu haitapata hata tone. Ndiyo maana ningependa kila kibali cha kutumia maji kitaje kiwango cha masika na kiwango cha kiangazi mbali mbali, na kipimo kiwekwe kwenye banio mahali ambapo wakulima wa juu na wa chini wote wanaweza kukisoma.