Naombeni ushauri: nimpigie kura Trump au Harris? Nyumbani hakukaliki

MsafiriWaReli: Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Minnesota, Marekani, mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Uchaguzi wa rais ni Novemba 5, 2024, na ndani ya nyumba ni vita. Mke wangu ni Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, keshakuwa raia wa huku, na yeye ni Harris tu. Mdogo wake bado yuko kambini anasubiri kuitwa Marekani, na mke wangu hajasahau Trump alivyoshusha kikomo cha wakimbizi hadi 15,000 kwa mwaka, kabla Biden hajakipandisha hadi 125,000. Mimi naangalia bei ya mayai na kodi ya nyumba, moyo uko kwa Trump. Tangu Jumatano hatusemeshani. Chakula napakuliwa, ila sahani inatua mezani kwa kishindo. Nimpigie nani? Matusi hapana.

Kipanga wa Mbagala: Mpigie simu mama mkwe.

MwalimuMstaafu: Kijana, unagombana bure. Huko rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, jumla 538, anayefikisha 270 ndiye mwenye nchi. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 na bado akarudi nyumbani. Minnesota yenyewe mara ya mwisho kuwapa Republican, chama cha Trump, ni 1972, enzi za Nixon, na mgombea mwenza wa Harris ndiye gavana wenu. Mwachie mkeo, ule kwa amani.

Omera_Kisumu: Mimi siwezi kusahau 2008. Obama aliposhinda sisi Kenya tulipewa siku ya mapumziko, Novemba 6, watu Kogelo, kijijini kwa baba yake, wakacheza mpaka asubuhi. Mwafrika kupigia Republican ni kuku kumkaribisha mwewe.

Shangazi wa Tandale: Obama huyo huyo ambaye serikali yake ilirudisha watu zaidi ya milioni 2 makwao? Mlicheza ngoma ya nani? Democrat, chama cha Obama na Harris, wanatukumbuka kila baada ya miaka minne, kama wabunge wa huku na pikipiki zao za kampeni.

Mama Tunu: Samahani, mleta uzi. Mwaka wa pili, umesema. Uraia umeupata lini?

MsafiriWaReli: Mama, swali langu ni Trump au Harris.

Mama Tunu: Na langu ni hilo hilo, baba. Lini?

MsafiriWaReli: Shikamoo kwanza. Nina grinikadi ya ndoa, yaani kibali cha kuishi huku, uraia naomba mwakani nikitimiza miaka mitatu. Nilipokwenda kuchukua leseni ya udereva nilipewa fomu, nikajaza, kadi ya mpiga kura ikaja nyumbani. Kama hairuhusiwi, mbona waliileta? Kodi nakatwa kama wao. Na siko peke yangu, huku matangazo ya wagombea ni kila dakika, wote wawili wamekuja mara kibao, hata mchungaji kasema tusikae pembeni. Kura ya posta ninayo hapa, nimeshaitia alama. Imebaki kusaini bahasha ya nje na kuandika tarehe.

Kipanga wa Mbagala: Kumbe umeshachagua! Sisi umetuita kula ubwabwa wa harusi iliyokwisha?

Mama Tunu: Marahaba. Weka kalamu chini. Asiye raia kupiga kura ya rais ni jinai, kifungo mpaka mwaka mmoja, na unaweza kufukuzwa nchini. Kibaya zaidi ni kile kiboksi cha kusema wewe ni raia wa Marekani. Ulikitia alama?

MsafiriWaReli: Nilikuwa nimetoka zamu. Nilitia kila palipokuwa na mstari mwekundu. Hata sehemu ya chama nikaweka Republican. Lakini kura moja kati ya mamilioni, nani atainusa?

Mama Tunu: Fomu ya kuomba uraia itainusa. Inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukisema ndiyo, una kesi. Ukisema hapana, umeongeza uongo juu ya kesi.

Mtumishi77: Haya yote ni matunda ya mume kumficha mkewe mambo. Kaeni chini, mfunge siku tatu.

Karani Mstaarabu: Wakuu, hii chai, stori ya kutunga. Minnesota mpiga kura hajiandikishi kwa chama, fomu yao haina sehemu hiyo. Halafu wagombea wawili waje mara kibao kwenye jimbo ambalo Mwalimu anasema lina mwenyewe tangu 1972? Leteni vikombe.

Kipanga wa Mbagala: Mimi na andazi langu nipo tayari.

MsafiriWaReli: Sawa. Siko Minnesota, niko Pennsylvania. Nilibadilisha jimbo kwa sababu humu kuna jamaa tunasali naye. Mengine yote ni kweli.

Karani Mstaarabu: Na ghala? Na mke?

MsafiriWaReli: Ghala ni kiwanda cha kuku. Mke ni mke.

MwalimuMstaafu: Pennsylvania! Basi nafuta ushauri wangu. Hiyo ina wajumbe 19, na 2016 Trump aliichukua kwa tofauti ya kura kama 44,000 tu. Hapo kura moja ina uzito.

Mama Tunu: Mwalimu, tafadhali. Iwe chai, iwe maziwa, yuko mwingine anasoma hapa kimya mwenye fomu kama hiyo. Usipige hiyo kura. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji, si mchungaji wala rafiki wa zamu, umweleze yote, akuelekeze namna ya kufuta jina kabla hujaomba uraia. Na mkeo aambiwe leo.

MsafiriWaReli: Yeye ndiye aliyenidhamini, mama. Akijua nilimficha fomu, tena nikaandika Republican… Bahasha niichome?

Mama Tunu: Usichome kitu. Iende kwa mwanasheria kama ilivyo.

Karani Mstaarabu: Nimeangalia. Fomu ya Pennsylvania kweli ina sehemu ya chama. Lakini bado nasikia harufu ya tangawizi.