Ushauri wenu wakuu: siku moja Nauvoo inatosha?

Baba Neema: Wakuu habari za leo. Nipo Chicago, mwezi ujao nataka kwenda Nauvoo, ule mji wa kale wa Wamormoni ukingoni mwa Mississippi. Siku moja inatosha? Na lile hekalu, mgeni anaingia?

Mama Uvira: Inatosha ukiwahi asubuhi. Nyumba za kale kuingia ni bure, wamisionari wanakutembeza. Kwenye kiwanda cha kale cha matofali walinipa kitofali kidogo cha ukumbusho, mpaka leo kinazuia mlango wangu wa jikoni. Teremka Parley Street hadi mtoni. Februari 1846 watu walivuka pale na magari ya ng'ombe, nyuma wameacha nyumba walizojenga juzijuzi. Mimi niliyetoka kwetu na begi moja nilishindwa hata kupiga picha.

Mtu Pwani: Hekaluni huingii bila kibali cha waumini. Mbona hilo umeliweka mwisho? Unaenda na nani?

Baba Neema: Peke yangu.

Mtu Pwani: Mkuu, funguka.

Baba Neema: Binti yangu anafunga ndoa mle ndani. Mimi Mlutheri. Ameniambia nije kwenye sherehe tu, huku Chicago. Hajui kama naenda. Tiketi ya treni hadi Fort Madison, mji wa jirani na Nauvoo, nimeshalipa. Nitakaa nje kama watalii wengine, kuna ubaya gani?

Mzee Kijiko: Kwetu binti haondoki bila mkono wa baba. Mahari ulipokea? Basi ungeyasema siku ile.

Kinyonga: Hii chai. Hapo Chicago wana hekalu tangu 1985, Nauvoo wakafuate nini?

Baba Neema: Mababu wa kijana walitimuliwa pale. Hekalu lao lilichomwa moto 1848, hili lililojengwa upya limewekwa wakfu 2002. Anataka kuoa pale walipoondoka wazee wake. Situngi ndugu yangu, suti ipo kabatini.

Dada Muumini: Baba, mimi ni wa kanisa hilo. Tangu 2019 wanaruhusiwa kufunga ndoa ya serikali kwanza, wazazi wote mkiwepo, kisha waingie hekaluni bila kungoja mwaka kama zamani. Mwombe hilo. Ukimtokea mlangoni ghafla, utamliza siku yake.

Baba Neema: Nikimpigia akasema nisije?

Mama Uvira: Utajua ukiwa nyumbani, si kwenye ngazi za hekalu. Anatoka kazini saa ngapi?

Baba Neema: Kumi na moja. Zimebaki dakika ishirini.